Siku Benoît Aliporudi Burungu

Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, mwaka wa 1969, watu wa kilima cha Burungu walipokuwa wanatoka misani, Béata alimwona mwanaume amesimama kando ya ukuta wa kanisa, kofia mkononi, viatu vimeliwa na safari. Alimpita hatua tatu. Kisha miguu yake ikakataa kwenda mbele.

Alikuwa Benoît Nzabandora. Miaka sita hakuwa amemtia machoni. Alikuwa amekonda, mashavu yamezama, na mvi zimemwotea juu ya masikio ingawa hajafika miaka thelathini na mbili. Macho tu ndiyo hayakubadilika. Zamani macho hayo yalimfanya Béata ajaze mtungi hadi maji yakamlowanisha miguu bila yeye kujua. Sasa yalimtazama mara moja, yakashuka chini. Hilo lilimshangaza kuliko ule ukondefu wote, kwa maana Benoît aliyemjua hakuwahi kuwa wa kwanza kuinamisha macho.

"Jambo, Béata," alisema. "Nimekuja kuona Papa yako. Na weye pia."

Béata alishika shingo yake bila kutaka, kana kwamba koo lililoumia lilikuwa lake. Sauti ile! Kivu nzima iliwahi kuijua sauti ya Benoît. Sasa ilikuwa nzito na yenye kukwaruza, kama mtama unaosagwa juu ya jiwe.

Wakati mmoja Bukavu walimwita Beno Radi. Alikuwa ametoka Burungu na sauti aliyoinoa kwa nyimbo za kanisa, akaingia katika orkestra ya vijana iliyoitwa Étoile-Roki. Walivaa suruali za kubana, wakapiga magitaa ya umeme, twist na roki mpaka vikombe vikatikisika juu ya meza, na wazee waliopenda rumba wakahama baa. Sahani yao moja ya santuri ilizunguka kutoka Bukavu mpaka Goma. Kila likizo Benoît alirudi kilimani akiwa amekaa mbele ya lori, miwani ya jua usoni, na kila likizo alimwahidi Béata kwamba mwaka haungeisha bila kumwoa. Familia mbili zilijua. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametajwa, ingawa hawakuwa wametolewa.

Halafu, katika mwaka wa 1963, Mama Adelaïde, mama yake Béata, aliugua tumbo. Alipojua kwamba hatapona aliomba jambo moja tu. Alitaka Benoît aje, ili yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, amkabidhi binti yake mbele ya wazee kabla hajafa. Callixte, kaka yake Béata, aliandika barua. Albert, mtu wa kilima chao aliyesafiri na lori la maharagwe mpaka Bukavu, akaibeba. Mama Adelaïde alingoja siku kumi na moja. Kila gari liliponguruma kwenye mteremko aliwaomba wamgeuze auelekee mlango. Siku ya kumi na mbili wakamzika.

Benoît hakuja kwenye ugonjwa wala kwenye matanga. Callixte, aliyekuwa rafiki yake tangu utoto, alisema barua imepotea. Njia ilikuwa mbaya, mji ni mkubwa, na Albert naye alikuwa amehamia Uvira, hakuna wa kumwuliza. Béata alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Kwa neno hilo alimkataa mwalimu mwenzake wa shule ya msingi aliyemchumbia, akamkataa na mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefuata. Kwa neno hilo aligombana na baba yake, mzee Kanyamibwa, ambaye hakutaka jina la Benoît litajwe nyumbani mwake. Kila mara binti aliposema kwamba barua haikufika, mzee alichukua fimbo yake akaenda kutazama ng'ombe.

Pale kanisani Callixte ndiye aliyesogea kwanza. Alimkumbatia Benoît mbele ya watu, akasema mgeni haulizwi habari akiwa na njaa, twende nyumbani. Walipokuwa wakipanda kilima, Béata alimwuliza alikuwa wapi miaka hii yote. Benoît alimweleza polepole, akipumzika kila baada ya sentensi mbili tatu.

Étoile-Roki ilikufa kidogo kidogo. Watu walipata nyimbo nyingine za kupenda. Koo lilianza kumuuma, naye akawa anakunywa ili aweze kuimba, na anaimba ili aweze kunywa. Katika mwaka wa 1966 waliobaki wanne walipanda lori kwenda Kisangani, kutafuta baa ambazo hazijawachoka. Walipofika sehemu za Walikale homa ikamwangusha. Wenzake walimlaza chini ya kibanda cha soko kando ya njia, wakachukua gitaa lake, wakaenda. Aliyemwokota ni katekista wa kanisa dogo la msituni, jina lake Faustin. Yeye na mke wake Emérita walimpeleka kwao juu ya kipoyi, machela ya miti, wakamwogesha, wakamlisha uji kwa kijiko majuma matatu. Benoît alipoweza kusema tena alikuta sauti yake haipo. Kwa kile kilichobaki alimwuliza Faustin kwa nini alimchukua mtu ambaye hamjui hata jina. Faustin akajibu kwamba jina angelijua baadaye, lakini homa isingengoja.

Alibaki pale kwa sababu hakuwa na nguvu za kwenda. Alipasua kuni, akaezeka paa la kanisa, akakaa nyuma kabisa wakati wa sala, mdomo umefungwa. Alimkasirikia Mungu kwa kumnyang'anya sauti. Miezi ikapita hivyo. Asubuhi moja wanawake walikuwa wanajifunza zaburi, wakawa wanakosea mahali pamoja kila mara, naye bila kufikiri akawaonyesha njia ya wimbo kwa sauti ile iliyokwaruza. Waligeuka, wakamsikiliza, wakamfuata. Hakuna aliyecheka. Benoît alitoka nje akalia nyuma ya kanisa, na kuanzia siku ile alianza kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Sasa alikuwa na shamba la mihogo, alikuwa mwalimu wa waimbaji, na miaka mitatu pombe haikugusa midomo yake. Alikuwa ametembea siku sita kutoka Walikale.

Béata alisikiliza yote hayo akiangalia njia, Benoît asije akaona machozi yake. Moyoni alikuwa anashukuru. Aliwaza kwamba Mungu amemrudishia mtu aliye bora kuliko yule aliyeondoka, na kwamba leo baba yake hatakuwa na la kusema.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Benoît hakumwambia njiani.

Mzee Kanyamibwa aliwapokea kwenye chumba cha mbele. Aliitikia salamu, akaonyesha kiti. Béata alileta bugali na maharagwe, na maziwa. Benoît hakugusa chakula. Alisema anaomba aseme kwanza lile lililomleta, lakini Callixte, kwa mapenzi yake, akamtangulia. Alimwambia baba yake kwamba miaka sita imetosha. Mtu huyu ameteseka, ameacha pombe, anamtumikia Mungu, na amekuja kwa miguu yake kuomba radhi. Kosa lenyewe lilikuwa nini hasa? Barua ilipotea. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa barua ambayo hakuiona. Kisha akamgeukia Benoît, akamwomba awaambie tu kwa kinywa chake kwamba barua haikufika, jambo hili liishe, chakula kiliwe.

Béata alikuwa amesimama mlangoni, sahani mkononi. Alimtazama Benoît kwa uso ulio wazi, uso wa mtu aliyengoja muda mrefu na sasa anaona mwisho wa kungoja. Benoît aliuona uso huo. Kusema neno moja tu kungetosha. Wote mle ndani, isipokuwa mzee, walikuwa wameshamwandalia hilo neno.

Alikumbuka padri aliyepita Walikale wakati wa Pasaka, ambaye Benoît alimwungamia kila kitu. Padri alimwambia kwamba Mungu amemsamehe, lakini kuna watu waliomngoja, nao mpaka leo hawajui walikuwa wanamngoja mtu wa namna gani.

"Callixte," alisema, "barua ilifika. Albert alinipatia mu mukono. Nilisoma yote. Nilijua Mama iko anakufa, na nilijua iko ananiita."

Aliweka kofia yake chini, akaendelea.

"Jumamosi tulikuwa na dansi kubwa, nikasema nitakuja kiisha dansi. Kiisha dansi nikasema kesho. Siku zikapita, nikasikia amekufa, nikaogopa kuonekana hapa. Njo hivi ilikuwa. Barua haikupotea. Ni miye nilipotea."

Béata aliweka sahani juu ya meza polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akatoka.

Callixte alisimama, uso umemgeuka, akamwambia Benoît achukue kofia yake atoke katika nyumba hiyo. Benoît aliinama kuiokota. Ndipo mzee Kanyamibwa akanyanyua mkono.

"Kaa, Callixte. Na weye, Nzabandora, kaa." Alingoja mpaka wote wawili wamekaa. "Ile jambo najua. Albert alinielezea, juma moja kiisha kuzika, kabla ya kuhamia Uvira. Nilimuomba afunge kinywa, naye alifunga."

Callixte alimtazama baba yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Aliuliza kwa nini basi aliwaacha miaka sita waseme barua imepotea, na kwa nini alikubali binti yake mwenyewe amwone kuwa mtu wa moyo mgumu.

"Béata alikuwa amemuzika mama yake," mzee akasema. "Sikutaka azike watu wawili mu juma moja. Nilifikiri atamusahau. Hakumusahau, na miye nikashindwa namna ya kumuambia." Akamgeukia mgeni. "Leo kama ungesema barua haikufika, ningekuacha ukule, ningekuonyesha njia, na mutoto wangu haungemupata hata nikikufa. Usifikiri nimekusamehe. Muke wangu alikufa anaangalia ule mulango. Lakini leo niko naongea na muntu, hapana na muimbaji. Sasa wende umutafute. Ile maneno ni yake, haiko yangu."

Hakuna aliyefanya kazi shambani siku ya Jumapili, lakini Benoît alimkuta Béata akiwa na nguo zake za kanisa, anang'oa maharagwe yaliyokauka, mstari hadi mstari, na kuyatupa nyuma yake bila kuyafunga. Alisimama kando ya shamba. Hakuthubutu kuingia.

"Niliwakataa wanaume wawili," Béata alisema bila kugeuka. "Niligombana na Papa miaka sita. Watu wakinicheka kisimani nilikuwa nawajibu: barua haikufika. Nilisema vile mpaka nikaamini sana kuliko Credo ya misa."

"Najua sasa."

"Haujui." Aling'oa shina jingine. "Niambie ulifanya nini ile Jumamosi. Niambie yote."

Benoît angependa kumwambia kwamba aliimba akilia. Wimbo wowote wa zamani ungekuwa na ubeti kama huo.

"Nilitia barua mu mufuko ya koti," alisema. "Nilipanda, nikaimba. Niliimba muzuri kuliko siku zote, Béata. Watu walisimama juu ya viti. Hiyo njo inaniumiza mpaka leo. Roho yangu haikusumbuka hata kidogo."

Mikono ya Béata ilisimama. Aliketi chini katikati ya maharagwe, na nguo yake nyeupe ikaingia vumbi jekundu, akalia kwa ajili ya mama yake kama alivyolia siku ya mazishi. Benoît hakumkaribia. Alitaka sana kumshika bega. Zamani angelishika, angesema maneno matamu masikioni, naye Béata angecheka kabla machozi hayajakauka. Alibaki amesimama, akamwombea kimyakimya, kwa kuwa hicho ndicho alichokuwa nacho.

Baada ya kitambo Béata alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. Alimwuliza kwa nini basi amesema. Angeweza kunyamaza. Callixte alishamtengenezea njia, na yeye mwenyewe, Béata, alishamsamehe tangu kanisani.

"Ungemusamehe muntu mwingine," Benoît alijibu. "Ningekuoa, na kila siku ungekuwa unamupenda ule mwingine, mwenye barua haikumufikia."

Alimwambia pia kwamba baba yake alijua tangu mwanzo. Hakutaka Béata alisikie kwa mtu mwingine, wala hakutaka aendelee kumhesabia mzee ugumu usio wake. Béata alisikiliza mdomo wazi. Aliangalia upande wa nyumba, ambako Kanyamibwa alikuwa ametoka nje ameegemea fimbo yake, anajifanya kutazama ng'ombe. Kumbe miaka yote ile alipokimbilia ng'ombe alikuwa anakwepa kumwumiza binti yake.

"Kaa chini," Béata alisema mwishowe. "Unanichosha kukuangalia umesimama."

Benoît aliingia shambani, akakaa mbali naye kwa mistari miwili. Béata alimtazama mikono: ile iliyokuwa laini ya kupapasa nyuzi sasa ilikuwa na sugu za panga na jembe. Alimtazama shingo, mahali pale mshipa ulipokuwa ukituna alipoimba. Hasira ilikuwa ingali ndani yake, lakini pembeni ya hasira kulikuwa na kitu kingine, nacho hakikuwa kimekufa wakati wote huo. Akaona afadhali aulize lile lililobaki.

"Sauti ikirudi? Orkestra ikikuita, magitaa mupya, gari mulangoni. Utaniacha tena?"

Benoît alitazama sugu za mikono yake.

"Sijui," alisema. "Kila asubuhi naomba Mungu anipatie nguvu ya ile siku moja. Ya kesho naomba kesho. Kukuapia kwamba siwezi kuanguka, siwezi. Niliapa mingi zamani."

Béata aliyawaza maneno hayo. Katika maisha yake alikuwa amesikia kutoka kwa mwanaume huyu maneno mengi mazuri, mengine yenye gitaa nyuma yake. Hili "sijui" lilikuwa dogo na baya, na lilikuwa la kwanza ambalo angeweza kulikanyaga bila kuzama. Alichukua fungu la maharagwe, akalitupa upande wake.

"Funga," akasema. "Nimeng'oa ovyo, na Papa iko anatuangalia."

Wakafunga pamoja mpaka jua likaanza kuegemea milima. Jioni ile Béata alikaa karibu na baba yake. Wale waliokuwa nyumbani wanasema hawakuongea mengi, ila binti alimwomba mzee fimbo yake akaiweka kando, akaushika mkono wake ukabaki mkononi mwake. Kanyamibwa alitoa neno lake kabla ya watu kulala. Benoît arudi Walikale. Kama Béata anataka, na ni yeye pekee wa kutaka, basi mwezi wa tisa, maharagwe yakiwa yamepurwa na kuuzwa, aje kuposa. Asije na wajomba wa Burungu waliomjua zamani. Aje na mtu anayemjua sasa.

Asubuhi Béata alimsindikiza. Desturi ni kumsindikiza mgeni mpaka njia panda ya kisima, mkapeana mkono hapo. Walipofika Benoît alisimama, akatoa mkono. Béata hakuupokea. Alichukua furushi lake, akalitia kichwani, akaendelea kuteremka.

Wanawake walikuwa wametawanyika mashambani pande zote mbili za njia. Waliinua migongo, wakashika majembe, wakatazama. Walikuwemo wale waliomcheka kisimani.

"Watasema," Benoît akamwambia kwa sauti ya chini.

"Waseme."

Aliwasalimia mmoja mmoja kwa majina yao, kichwa juu na furushi juu ya kichwa, mpaka wakavuka kijito, wakapanda ng'ambo. Huko juu, mahali ambapo Burungu nzima iliweza kuwaona, alimkabidhi furushi. Vidole vyao viligusana chini ya fundo la kitambaa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuviondoa.

"Sijasamehe yote," Béata alisema. "Kuningojesha miaka sita nimesamehe. Ile ya Mama itachukua siku mingi, na siku zingine nitakukasirikia bila kukuambia sababu."

"Nitangoja."

"Hapana kungoja. Weye njo ulizoea kungojewa." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu kanisani. "Kuja. Mwezi wa tisa, muchana, watu wote wakuone."

Walikuwa wamepanga tarehe kumi na nne. Tarehe kumi na mbili, jua likiwa katikati ya mbingu, watu watatu walionekana kwenye mteremko wa ng'ambo ya kijito: mwanaume mrefu mwembamba, na nyuma yake mume na mke wa makamo, Faustin na Emérita, miguu imejaa matope ya siku sita. Béata alikuwa ndani anasahihisha madaftari, hakuwaona. Aliyewaona ni mzee Kanyamibwa. Alisimama muda, kiganja juu ya macho, akawahesabu mara mbili. Kisha akaingia nyumbani, yeye mwenyewe, akaanza kutoa viti nje.